Barua Ambayo Mapendo Angejisomea Mwenyewe

Simu ya Mama Mapendo ilinikuta nashona ukosi wa shati la shule, na kwa kuwa mwanamke yule hapigi simu asubuhi, nilijua kabla hajasema. "Noella, mwana wangu," alisema, "dada yako ametuacha. Ni homa. Siku ine tu." Mapendo hakuwa ndugu yangu wa tumbo moja, lakini mama yake hakuwahi kututenganisha mbele ya watu, na siku hiyo sikuwa na moyo wa kumsahihisha mtu. Nilifunga kibanda changu hapa mjini, Nyamityobora, nikamwomba jirani anitunzie cherehani, nikachukua magongo yangu na kitenge cha kufunga kiunoni, nikaondoka. Mwenye lile shati alinipigia mara tatu njiani, nami sikupokea. Mpaka gari linaingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale nilikuwa nimewaza mambo mawili tu: nani amemwosha, na kama ile bahasha ingali ipo. Najua si vizuri kwenda msibani huku unawaza bahasha. Lakini sitaki kujipamba hapa. Nimewapamba watu vya kutosha katika barua.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka kumi na mitano na Mapendo kumi na minne, na vitanda vyetu viligusana katika bweni la wasichana kule Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Ilikuwa shule ya watoto kama sisi: mimi na mguu wangu uliokauka, yeye na macho yake yaliyotofautisha mwangaza na giza, basi. Kila mmoja alikuwa na mfadhili wake Ulaya, mtu wa kwenye picha, na shirika dogo lenye chumba kimoja pale Base Camp, penye ofisi za kambi, ndilo lililotutoa kambini na kutulipia. Mama zetu waliliita proje. Bweni lilikuwa na sakafu ya saruji, madirisha ya wavu, na harufu ya blanketi zisizokauka vizuri. Magongo yangu niliyatundika kwenye msumari juu ya kichwa cha Mapendo, kwa ruhusa yake. "Weka hapa," alisema, "miye sitayaona, hayatanisumbua." Alijua hatua ya kila mtu, na ya kwangu aliijua kuliko zote; mpira wa chini ya gongo ukiisha, aliusikia yeye kabla sijateleza. Chakula kilikuwa posho, yaani ugali, na maharage, mchana na jioni, naye alikuwa wa kwanza kuonja na kutangaza. "Leo beko na nyama," alisema, akimaanisha wadudu wa maharage, tukacheka mpaka metroni akagonga meza. Jiko lilikuwa nyuma ya ukuta wetu. Jioni tulimsikia mpishi akimwambia metroni kwa Kinyankore, lugha ya wenyeji, akidhani wakimbizi hatusikii, kwamba hawa watoto wa wazungu wanakula kuliko watoto wake wa nyumbani. Mapendo, ambaye lugha zilimwingia bila kubisha hodi, alitutafsiria yote, kisha akasema mpishi hakukosea.

Darasani tulikaa dawati moja. Mwalimu wa nukta nundu, yale maandishi ya vidole, alikuja siku mbili kwa juma. Siku nyingine walimu waliandika ubaoni wakasahau kwamba kuna wasioona. Basi mimi nilimnong'oneza Mapendo kila kilichoandikwa, naye alikitoboa katika kibao chake kwa kile kimsumari chenye kichwa cha mbao. Tulifanya hivyo tangu darasa la tatu. Ilifika mahali sikusubiri aulize. Akigeuza sikio tu upande wangu, mdomo wangu ulishafunguka. Nilimnong'oneza hesabu, ramani, hata rangi za bendera. Na cha kuudhi ni kwamba mtihani ukija yeye alikuwa wa pili na mimi wa tisa. Alitaka kuwa mwalimu wa nukta nundu. Kambini aliwajua watoto wawili wasioona waliokaa mlangoni kwao tangu asubuhi hadi jioni, na alisema atarudi awaondoe pale. Mwaka uliofuata tungefanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba atafaulu.

Kila muhula kulikuwa na Jumamosi ya barua. Mwalimu aliandika mfano ubaoni kwa Kiingereza: mfadhili wangu mpendwa, hujambo, mimi sijambo, nasoma kwa bidii, nakuombea kila siku. Tukanakili. Aliyekuwa na malaria alinakili kwamba hajambo. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, kwa hiyo niliwaandikia wasioweza, na nikajifunza kutia chumvi. Nilikuwa na kipaji hicho. Wafadhili wa Mapendo walikuwa wazee, mume na mke, waliomwandikia habari za bustani yao na mbwa wao anayechechemea. Mapendo alitaka niwajibu mambo ya ajabu: niwaulize mbwa anachechemea mguu gani, niwaambie Rwizi hunuka nini mvua ikinyesha. Nilimwambia hawataki hayo, nikaandika kwamba anawaombea wote, na mbwa pia. Ukweli ni kwamba hatukuamini kama barua zile zinasomwa. Tulizichukua kama makofi baada ya hotuba, adabu ya mtu aliyesaidiwa. Nikifikiri sasa, huo ndio ujinga wetu mkubwa, na hakuna aliyetufundisha vingine.

Mwezi wa tano tulirudi Nakivale kwa likizo. Kanisa letu la udongo, lililofunikwa turubai upande mmoja na mabati upande mwingine, lilikuwa limefunga kula siku tatu, na mhubiri mgeni alikuja. Mama Mapendo alifunga zote tatu bila hata maji, na siku ya mwisho alituleta mbele sote wawili. Nilianza mimi. Mhubiri alinishika mguu, akauvuta, akaniamuru niyaachie magongo kwa jina la Yesu. Niliyaachia. Nilianguka juu ya ngoma. Akina mama waliniinua, wimbo ukasita kidogo, na mhubiri akasema kwa upole, "Mwingine." Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tena maishani, maana watu hawakumtazama mhubiri, walinitazama mimi. Kisha akaweka vidole juu ya macho ya Mapendo, akaomba kwa muda mrefu, akaviondoa. "Unaona nini?" Mapendo alikuwa ameelekea mlangoni, kwenye jua. "Naona mwangaza," alisema. Kanisa lote lilisimama. Mama yake alijitupa chini akagaagaa kwenye vumbi akilia jina la Mungu, na nilipomtazama nililia na mimi, nami nilijua.

Jioni ile kulikuwa na bugali na sombe, yaani kisamvu chenye mawese, chakula cha sherehe, na majirani walijaa ndani mpaka tukakaa nje na sahani zetu. Nilimuuliza Mapendo kwa sauti ndogo. "Aliniuliza naona nini, nikasema mwangaza, ni kweli," alinijibu. "Hakuna mutu aliniuliza kama nilikuwa nauona tangu zamani." Alichovya tonge, akaongeza, "Umesikia vile mama anaimba?" Nilimsikia. Sijawahi kumsikia akiimba vile kabla, wala baada. Nieleze hapa jambo moja, kwa wasiotujua. Kwetu aliyeombewa hasemi "bado". Ukishuhudia, unaushika ushuhuda wako. Ukisema hujapona, umefungua mlango na ugonjwa unarudi na ndugu zake. Si udanganyifu. Mama Mapendo aliamini kwamba macho yameshafunguliwa mbinguni na yanateremka polepole. Kwa hiyo asubuhi yake alichukua fimbo nyeupe ya Mapendo akaivunja juu ya goti, akapikia maharage. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote kuhusu mtu anayetangaza afya asiyo nayo.

Siku mbili baadaye aliniita, akafuta meza kwa kanga, akaniwekea karatasi na kalamu. "Utaandikia bale bazazi ba Ulaya," alisema, maana wafadhili aliwaita wazazi. "Andika: Mungu iko mukubwa. Mapendo anaona. Bwana amefungula macho yake. Asante mingi kwa mikono yenu. Andika vile." Nilimtazama Mapendo, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni. "Mama," nilisema, "niandike kwamba ameombewa?" Mama Mapendo alinitazama magongo, kisha uso. Hakusema neno baya, hakuwa mtu wa maneno mabaya. Alisema tu, "Noella, na wewe utaamini lini?" Basi. Mguu wangu ulishanitangaza kanisani kuwa sina imani. Sikutaka mkono wangu nao unitangaze. Na Mapendo mwenyewe alisema kutoka mlangoni, "Andika, ni barua tu." Nikaandika. Nikatia chumvi pia, Mungu anisamehe: kwamba ameona uso wa mama yake, kwamba ameona ziwa la kambini. Nilikuwa nimeshajua kupamba, na kalamu ilikwenda yenyewe. Mama Mapendo aliibusu karatasi, tukaipeleka ofisini Base Camp.

Muhula wa pili tulirudi Nyamitanga kama kawaida. Metroni, alipoona hana fimbo, alimpa nyingine bila kuuliza, na Mapendo akaificha chini ya godoro siku ya kufunga shule ili asiende nayo nyumbani. Tulicheka kuhusu jambo hilo. Ulikuwa muhula mzuri kuliko yote, nadhani, ama ninauona mzuri kwa sababu haukurudi. Yule mwalimu wa nukta nundu alimkabidhi watoto wadogo watatu awafundishe jioni, naye aliwagonga vidole wakikosea, akajiita mwalimu, nasi tukamwita mwalimu kwa dhihaka mpaka ikawa si dhihaka.

Likizo ya mwezi wa nane ilipoisha, tulikusanyika Base Camp kama kila mara, mbele ya chumba cha proje, na masanduku yetu ya bati. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kutusindikiza kwa nyimbo. Afisa wa shirika, Mnyankore mmoja mpole aliyevaa shati la bluu, alisoma orodha ya majina, na jina la Mapendo halikuwemo. Mama yake alidhani amerukwa. Afisa akamwita pembeni, ila pembeni penyewe palikuwa hatua tatu, na sote tulisikia. "Nyabo, mama, barua yenu ilifika huko," alisema. "Wafadhili wamefurahi sana. Sasa ile nafasi iko ya mtoto haoni. Kama huyu anaona, anaenda shule ya kawaida hapa kambini, na nafasi inapewa mwingine. Lakini mimi nataka kusikia kwa mdomo yako. Anaona ama haoni?" Wimbo ulikoma. Mama Mapendo alikuwa amemshika binti yake mkono, na niliona vidole vyake vikikaza. Nyuma yake kanisa lote. "Anaona," alisema.

Afisa hakuridhika, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Alimgeukia Mapendo, akashika kifua chake mwenyewe. "Binti, niambie wewe. Shati yangu iko rangi gani?" Mapendo akageuza sikio upande wangu. Ndugu msomaji, nimelirudia jambo hili maisha yangu yote, nikilala na nikiamka, na bado siwezi kuapa kwamba nilikusudia. Sikio lile liligeuka, na mdomo wangu ukafunguka kama ulivyofunguka kila siku kwa miaka minne. "Bluu," nilinong'ona. "Bluu," akasema Mapendo. Akina mama walipiga vigelegele. Afisa alitutazama mmoja baada ya mwingine. Naye alikuwa mlokole, na sijui angesema nini mbele ya kanisa linaloimba. "Kale, haya basi," alisema, "Mungu amefanya," akafunga jalada lake. Kisha akaniuliza mimi, "Na wewe uko na neno?" Niliangalia sanduku la Mapendo, lililofungwa kwa kamba ya katani. Nilikuwa na neno. Nilitikisa kichwa, nikapanda garini. Mapendo aliugeuzia uso mlio wa injini, akatabasamu kama mtu anayepigwa picha. "Noella!" alipaza sauti. "Gongo ya kushoto! Badilisha mupira!"

Jioni ile metroni aliniuliza Mapendo yuko wapi. Nilimwambia amepona. "Amepona?" alisema. "Yule?" Akaliinua godoro la Mapendo, akaikuta fimbo, akaichukua bila kuniangalia tena. Baada ya juma moja kitanda kile kilipata mtoto mwingine, msichana mdogo aliyelia usiku, na sikumkaribisha vizuri. Darasani nilikuwa naanza kunong'ona, nakuta dawati tupu. Kabla ya kufunga shule mwezi wa kumi na mbili, metroni alinipa bahasha yenye stempu za Ulaya na jina la Mapendo, nimpelekee. Nilijua ni ya wale wazee. Njia nzima hadi kambini niliiweka ndani ya nguo, na niliogopa kwamba nitaambiwa niisome kwa sauti, nisikie wanavyofurahia ile habari ya ziwa niliyoitunga mimi.

Nilimkuta Mapendo kwenye mkeka anachambua maharage, na makopo mawili mbele yake, moja la mbegu na moja la kupika. Shule ya kambini alikwenda siku kumi; watoto mia darasani, mwalimu akaandika ubaoni, hakuna wa kumnong'oneza. Alipokea bahasha, akaipapasa pembe zote. "Iko na karatasi mbili," alisema. "Fungula, unisomee." Lakini mama yake aliichukua kwa upole mkononi mwake. "Hapana," alisema. "Hii atajisomea mwenyewe. Siku Mungu atamaliza kazi, ataifungula, atajisomea na macho yake." Akaiweka ndani ya Biblia. Ningeweza kumbishia. Nilikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyeweza kuisoma barua ile. Badala yake nilipata nafuu, nikaomba maji ya kunywa, tukaongea habari nyingine. Likizo zilizofuata nilikuja mara chache, kisha mara chache zaidi. Nilimaliza shule, nikajifunza kushona, nikakaa mjini. Mapendo alikaa kwenye mkeka ule. Nilisikia kwamba aliwafundisha wale watoto wawili wasioona jedwali la kuzidisha kwa mdomo, na kwamba aliimba sauti ya tatu kanisani.

Tulimzika saa tisa, na nilipata jibu la swali langu la kwanza: alioshwa na mama yake, peke yake, hakutaka msaada. Watu walipopungua aliniita ndani. Ni kizee sasa, amekuwa mdogo ndani ya kitenge chake. Chumba ni kilekile, meza ni ileile, na palikuwa na sufuria ya chai iliyopoa. Akafungua Biblia, akanipa bahasha. Ilikuwa haijafunguliwa, ila pembe zake zimelainika kama kitambaa. "Alikuwa anaigusa kila Noeli," alisema. "Anaigusa, anairudisha." Kisha akasema, kama mtu anayezungumza na meza, "Nilijua haoni, Noella. Miaka yote hii nilimushika mukono mpaka ku choo, utafikiri sijui? Niliogopa kusema. Niliogopa Mungu ataacha kazi pale, fasi alifikia." Akanisogezea kikombe. "Soma. Vile iko. Mara hii usiongeze kitu."

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya mzee. Alimshukuru Mungu, alisema wamelia kwa furaha, mbwa amekufa, ofisi imewaambia nafasi apewe mtoto mwingine na wamekubali. Niliitafsiri neno kwa neno, hata ziwa. Ya pili ilikuwa ya mkewe, kwa mwandiko mwingine, wa haraka. Mume wangu ameshaifunga bahasha, aliandika, nami nimeifungua tena bila kumwambia. Nilikuwa na dada asiyeona, mwanangu, na yeye aliona mwangaza tu maisha yake yote, na watu walipomwombea alisema anaona ili mama yetu asilie. Pengine nakosea, na kama nakosea nisamehe. Lakini kama macho yako yako kama zamani, usione haya. Tuandikie neno moja tu, tutakulipia wewe na huyo mwingine, mpaka umalize.

Niliweka karatasi mezani. Mama Mapendo aliivuta, akaipapasa kwa vidole, taratibu, kutoka pembe hadi pembe.

"Rudilia fasi ya mwisho," alisema.

Nikairudia.

"Neno moja?"

"Ndiyo, mama," nilisema. "Moja tu."